Urefu Ndio Mzigo

Fremu ya mlango wa kawaida ina kimo cha mita 2.10 na upana wa mita 0.90. Jumlisha nguzo mbili za kusimama na vipande viwili vya kulala, kimoja juu na kimoja chini, utapata mita 6 kamili: bomba moja la mraba kama linavyotoka kiwandani, bila hata kipande cha kutupa. Fundi wa kuchomelea wa mtaa wa Katindo au Ndosho anaijua hesabu hiyo bila kushika kalamu. Hata hivyo bomba hilo, ambalo mwisho wake litakuwa vipande vinne visivyozidi mita 2.10, husafirishwa mjini Goma likiwa zima. Hulazwa nyuma ya pikapu, zaidi ya nusu yake ikining'inia juu ya barabara, likapitishwa kati ya pikipiki, baiskeli za mbao ziitwazo chukudu na watoto wanaotoka shule, ili likakatwe uani kwa mwenye nyumba. Tunaponunua chuma tunauliza bei na tunakisia uzito. Mzigo wenyewe ni urefu, na urefu huo mnunuzi haubebi; anaubeba mpita njia. Ndiyo maana nasema ni wajibu wa mnunuzi kuupunguza urefu kabla gari halijawashwa, au kulipia gari linaloutosha.

Neno hili lingefaa katika mji wowote wa Afrika ya Mashariki, lakini Goma ina sababu zake za kulisikiliza kwanza, kwa kuwa ujenzi wake hauishi. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka ubavuni. Lava ilishuka, ikafunika sehemu ya kaskazini ya njia ya ndege, ikakata mji katikati na kumwagika katika Ziwa Kivu. Watu zaidi ya 100,000 walibaki bila makao. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulifunguka tena, na mara hiyo lava ikasimama Buhene, mlangoni mwa mji, baada ya kumeza nyumba za watu na kuharibu njia za umeme na maji. Aliyeziona siku zile anakumbuka kilichofuata: mawe meusi yenye joto bado, na juu yake watu wanaopima upya viwanja vyao. Nyumba za mbao hazikuwa na kinga pale moto ulipopita. Somo hilo limebaki, na familia inayopata pesa kidogo hutamani mawe, zege na chuma: mlango, dirisha lenye vyuma vya kuzuia wezi, kenchi ya kubeba manjanja ya paa, mnara wa tangi la maji. Ardhi yenyewe ni mwamba. Kuchimba mtaro katika lava ni kazi ya nyundo na mtaimbo, na mabomba ya maji mara nyingi hulazwa juu juu. Kwa hiyo chuma kirefu kitaendelea kupita katika barabara zetu miaka mingi ijayo, na namna ya kukipitisha si jambo dogo.

Chuma hicho kinatoka mbali. Kingine hushuka melini Mombasa au Dar es Salaam, kingine hutengenezwa katika viwanda vya Uganda na Rwanda, kisha kikavuka mpaka kuja kwetu. Urefu wa mita 6 haukuchaguliwa na mjenzi wa nyumba. Umechaguliwa na viwanda, meli na malori: kontena la futi 40 lina nafasi ya ndani ya mita 12 hivi, na ndani yake mabomba hupangwa mawili kwa urefu, ncha kwa ncha, mara nyingine yakiwa yamepunguzwa hadi mita 5.8 ili yaingie vizuri. Kila hatua ya njia hiyo ina chombo kilichopimwa kulingana na mzigo: winchi ya bandarini, trela ndefu ya lori, rafu ya dukani ambapo mabomba husimamishwa au kulazwa kwa mpangilio. Mlolongo huo wa akili unakatika mlangoni mwa duka la vifaa vya ujenzi, Birere au Majengo. Safari ya zaidi ya kilomita 1,500 kutoka baharini imefanywa kwa vyombo vinavyolingana na chuma. Kilomita nne za mwisho, zenye watu wengi kuliko zote zilizotangulia, hufanywa kwa chombo chochote kilichopatikana siku hiyo.

Tuipime pikapu, kwa maana ubishi mwingi huisha pale kipimo kinapotolewa. Hilux ya kabini mbili ina sehemu ya kupakia yenye urefu wa mita 1.5 hivi, ya kabini moja hufika kama mita 2.3. Gari zima, kutoka pua hadi mkia, ni mita 5.3 hivi. Bomba la mita 6 basi ni refu kuliko gari lenyewe. Kitu kilicho sawa urefu wake wote hubeba uzito wake katikati, na katikati ya bomba hili ni mita 3 kutoka kila ncha. Ukiliegemeza bomba kwenye ukuta wa kabini, kitovu cha uzito wake kitakuwa nje ya gari, nyuma ya mlango wa mkia, iwe pikapu ina kabini moja au mbili. Halilali pale kwa uzito wake. Linashikiliwa na kamba tu, na kamba ikilegea linapinduka kuelekea barabarani. Mabomba 20 ya milimita 40 kwa 40, yenye unene wa milimita 1.5, yana kilo 217 hivi. Dereva huziona kilo hizo kuwa kidogo, kwa kuwa gari lake linaruhusiwa kubeba karibu tani moja. Lakini kilo hizo zikining'inia nyuma ya ekseli hufanya kazi kama mtaimbo: hubonyeza mkia na kuinua pua, na magurudumu ya mbele, ndiyo yanayoliongoza gari, hupungukiwa na mshiko wao wa ardhi.

Kisha gari linapinda. Dereva anayeingia mzunguko wa Signers au wa Chukudu huangalia pua ya gari lake, na macho yake hayamdanganyi: pua inaenda anakotaka. Mkia mrefu hauendi huko. Bomba lililotoka nyuma ya ekseli kwa mita 5.6, gari likizunguka katika duara lenye nusu-kipenyo cha mita 10, hufagia karibu mita 1.5 nje ya njia ya ekseli yenyewe, upande ulio kinyume na ule anaopindia dereva. Upande huo ndipo aliposimama mama mwenye beseni la samaki, na ndipo anapojipenyeza motari, dereva wa pikipiki, mwenye abiria wawili. Dereva haoni ncha hiyo katika kioo, kwa sababu kioo kiliwekwa kwa ajili ya mkia wa gari. Anayeiona ni yule inayemjia, naye amebakiwa na muda mfupi sana wa kuondoka.

Kuna sheria nyingine ya chuma ambayo kila fundi huiona hata kama hajaisoma. Bomba lililoshikwa upande mmoja na kuachwa hewani huinama, na kuinama huko hakuongezeki hatua kwa hatua pamoja na urefu. Ukizidisha urefu ulio hewani mara mbili, ncha hushuka mara 16. Bomba jembamba la milimita 20 kwa 20, lenye unene wa milimita 1.2, likiachwa hewani kwa mita 4.5, kama nyuma ya pikapu ya kabini mbili, ncha yake hushuka zaidi ya sentimita 30 likiwa limetulia tu. Sasa liweke juu ya gari linalopita penye mashimo na vichwa vya lava vilivyochomoza katika njia za mitaani kwetu. Ncha inapanda na kushuka kama ufito wa mvuvi, sasa hivi iko usawa wa goti, mara iko usawa wa uso. Sehemu ya juu ya mlango wa nyuma wa pikapu iko kama mita 1.3 kutoka ardhini. Kimo hicho ndicho cha kifua na shingo ya mtu aliyeketi kwenye pikipiki.

Hatari iliyo kubwa kuliko hizo ni kwamba ncha haionekani. Bomba likitazamwa kwa ubavu ni mstari mrefu. Likitazamwa kwa nyuma na mtu anayelifuata ni mraba wa sentimita 4, wa rangi ya kijivu, mbele ya barabara ya kijivu. Jicho halipati kitu cha kupimia umbali. Motari anayekwenda kilomita 40 kwa saa hupita mita 11 kila sekunde, na anaangalia taa za breki za gari, ambazo ziko mita 4.5 mbele ya ncha itakayomfikia kwanza. Akili yake inamwambia nafasi ipo, kumbe nafasi hiyo imekwisha kuliwa. Goma iko karibu na ikweta, na jioni yetu ni fupi: muda mfupi baada ya saa 12 giza limeshika, na mitaa mingi haina taa. Saa hiyo ndiyo watu wengi hurudi nyumbani, na ndiyo wanunuzi wengi hupakia, maana wamemaliza kazi zao za mchana.

Watu husema: tumefunga vizuri. Kufunga kuna hesabu yake pia. Kanuni za Ulaya za kufunga mizigo hutaka mzigo ushikiliwe mbele kwa nguvu sawa na asilimia 80 ya uzito wake, kwa sababu hiyo ndiyo nguvu inayousukuma gari linapokanyaga breki kwa ghafla. Kwa mabomba yetu 20, hiyo ni nguvu sawa na uzito wa kilo 170 hivi, inayosukuma ncha za chuma kuelekea migongo ya waliokaa kabinini. Mjini kwetu kamba ya kawaida ni ukanda wa mpira wa ndani wa tairi. Ukanda huo una sifa nzuri nyingi, lakini kazi yake ni kuvutika, na kinachovutika hakizuii. Zaidi ya hayo, kamba hushika mabomba ya nje ya furushi tu. Yale ya katikati yana mafuta ya kiwandani, hayaguswi na kamba, na huteleza kati ya wenzake kama mshale katika podo. Anayebeba mabomba bila kizuizi mbele na bila kamba isiyovutika, iliyozungushwa mara mbili katika sehemu mbili, amefunga nusu ya mzigo na kuiacha nusu.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Walimaanisha kwamba mzigo ulio kichwani mwa mwingine huonekana mwepesi. Mjini kwetu maneno hayo yana uzito ambao miji mingine huenda haijaujua. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya abiria ilishindwa kuruka katika uwanja wa Goma, ikapitiliza mwisho wa njia yake na kuingia katika makazi na maduka ya Birere. Wengi wa waliokufa siku ile hawakuwa abiria. Walikuwa watu wa mtaani, waliokuwa wakiuza, wakinunua, wakipita. Tarehe 24 Novemba 2019 ndege nyingine ndogo ilianguka muda mfupi baada ya kuruka, juu ya nyumba za Mapendo, na watu wa chini wakafa tena pamoja na waliokuwa ndani. Sisemi kwamba bomba la chuma ni ndege. Nasema kwamba mji huu umezika watu waliouawa na safari ambazo hawakuzipanga, hawakuzilipia na hawakupata faida yake. Anayejua uchungu huo anapaswa kuwa wa mwisho kumwekea jirani yake safari ya namna hiyo, hata iwe ndogo kiasi gani. Faida ya kutokata bomba dukani ni ya mnunuzi mmoja. Ncha yake imeelekezwa kwa wote wanaomfuata.

Pingamizi la kwanza ni umaskini, na ni pingamizi la heshima. Lori lenye sehemu ndefu ya kupakia hudai pesa zaidi ya pikapu ya rafiki, na mtu aliyekusanya dola moja moja kwa mwaka mzima ili apate mlango hana za ziada. Hapo ndipo Kifungu cha 15 hutajwa, kile ambacho hakipo katika katiba yoyote tunayotumia lakini kila Mkongo anakijua: jitafutie njia. Mimi nakiheshimu kifungu hicho, kwa sababu bila ubunifu wa watu wake Goma isingesimama tena baada ya 2002. Lakini tuutazame ubunifu huo katika sura yake iliyo bora, ambayo mji wenyewe umeisimamishia sanamu: chukudu. Chombo hicho cha mbao kilibuniwa na watu wasio na pesa, kwa miti ya hapa, ili kubeba makaa, viazi na kabichi kutoka Kibumba na Masisi. Kina ubao imara wa kupakia, sehemu ya kuweka goti, na kwenye vingi kipande cha mpira juu ya gurudumu la nyuma kiwe breki. Aliyekibuni aliufikiria mzigo kwanza, akajenga chombo kinachoutosha, na mteremko ukimshinda anayeumia wa kwanza ni yeye mwenyewe. Kujitafutia kwa heshima ndiko huko. Kuokoa pesa kidogo kwa kumwachia motari hatari yote ni deni lililoandikwa kwa jina la mtu mwingine.

Tena umaskini wenyewe, ukihesabiwa vizuri, unatetea hoja yangu. Bomba la mlango likikatwa dukani halipotezi kitu, kama tulivyoona katika mita 6 za mwanzo; msumeno hula milimita chache tu, na hizo zingeliwa hata uani. Kinachotakiwa ni mnunuzi aende dukani na orodha ya vipimo vya fundi wake, badala ya kwenda na idadi ya mabomba. Mtu anaweza kujibu kwamba fundi hupenda kupima mwenyewe penye ukuta, kwa kuwa kuta zetu za mawe ya lava hazinyooki, na kukosea kukata ni hasara. Ni kweli. Basi apime kwanza, siku moja kabla, na pale asipo na hakika akate kwa kuacha sentimita 5 za tahadhari. Hata kukata mara moja tu, katikati, kunabadilisha kila kitu: vipande vya mita 3 katika pikapu ya kabini moja hutoka nje kwa sentimita 70 hivi, na kitovu cha uzito kinarudi ndani ya gari. Mlango wenyewe unahitaji nguzo ya mita 2.10, nayo inapatikana katika kipande cha mita 3 bila shida. Kilichobaki, sentimita 90, ndicho kipande cha kulala.

Pingamizi la pili husema kitambaa chekundu kinatosha. Sheria ipo, na si ngeni kwetu. Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu barabara, ambao nchi yetu ilijiunga nao mwaka 1977, unataka mzigo upangwe usihatarishe watu, usiburutike, usiharibu uthabiti wa gari wala kuficha taa zake, na kila mzigo uliotoka kwa zaidi ya mita moja mbele au nyuma uwekewe alama; usiku alama hiyo iwe taa na kiakisi mwanga. Mwaka uliofuata Zaire ilipata sheria yake mpya ya barabara, ile ya 30 Agosti 1978. Angalia mpangilio wa mkataba: kwanza mzigo usihatarishe, kisha uonekane. Sisi tumechukua la pili na kuliacha la kwanza. Kitambaa hakifupishi bomba, hakizuii mkia kufagia, hakiongezi mshiko wa kamba, na gizani ni kitambaa cheusi. Ufaransa, ambayo lugha yake ndiyo iliyoandika sheria zetu nyingi, hairuhusu mzigo kutoka nyuma ya gari kwa zaidi ya mita 3 hata ukiwa na alama. Mita 4.5 za pikapu yetu zingezuiliwa huko kabla ya kutoka dukani.

Wengine huongeza kwamba kuitaja sheria ni kuwapa polisi wa barabarani, wale tunaowaita rulaje, sababu mpya ya kusimamisha magari na kuomba pesa. Manung'uniko hayo yanasikika kila siku, nami siyapuuzi. Lakini dereva ambaye mzigo wake umekatwa na kufungwa vizuri hana cha kununua kwa mtu yeyote. Anayetoka na mita 4.5 hewani ndiye amejiandalia hasara yake. Vilevile sisemi dawa ianze kwa askari. Ianze kwa mwenye bomba. Wajibu nilioutaja hauzaliwi na faini. Unazaliwa na ukweli kwamba yeye ndiye pekee anayeujua urefu, anayefaidika nao, na anayeweza kuupunguza kwa gharama ndogo kuliko mtu yeyote mwingine barabarani.

Pingamizi la tatu husema: miaka yote tumebeba hivi, tena polepole, na mbona hayajatokea maafa mengi. Polepole husaidia katika breki tu. Mkia hufagia kwa upana uleule gari likienda kilomita 10 kwa saa au 40, kwa sababu upana huo ni wa jiometri, hauhusiani na mwendo. Ncha nayo hubaki haionekani, na anayekuja nyuma haendi polepole kwa sababu wewe unaenda polepole. Na hili la kwamba hayajatokea mengi, nani alihesabu? Motari aliyekwepa ncha akaanguka mtaroni huhesabiwa kuwa ameanguka mwenyewe, nayo pikapu imekwisha kupita bila dereva kujua. Nyiragongo ulikaa kimya kutoka Januari 1977 hadi Januari 2002 pasipo kumwaga lava nje ya kreta yake, na kimya kile cha miaka 25 hakikuwa ushahidi wa usalama. Goma kuliko mji wowote inajua kwamba jambo lisilotokea jana halijatoa ahadi yoyote ya kesho.

Pingamizi la nne husemwa kwa sauti ya chini, na ndilo linalogusa zaidi: katika mji ulioona vita vikiingia mitaani mwishoni mwa Januari 2025, mji uliozika wengi na ambao uwanja wake wa ndege na benki zake vilifungwa, nani ana nafasi ya kufikiria mabomba? Najibu kwa kicho. Yapo mauti ambayo mtu wa kawaida wa Goma hana mkono nayo. Hayapangi yeye na hayazuii yeye. Mauti ya ncha ya bomba ni miongoni mwa machache yaliyo mikononi mwake kabisa. Yanazuilika kwa msumeno, kwa dakika chache, bila ruhusa ya mtu yeyote mwenye bunduki. Watu walionyang'anywa mamlaka juu ya mambo makubwa wana haki ya kushika kwa nguvu yale madogo waliyobakiwa nayo, na kumlinda jirani barabarani ni mojawapo. Kusema kwamba uhai umepoteza thamani kwa sababu ya vita ni kukubaliana na vita.

Zipo kazi ambazo haziruhusu kukata, na hoja ya kweli haina budi kuzikubali. Kenchi ya paa la upana wa mita 6 inataka chuma kizima, kwa kuwa kila kiungo cha kuchomelea katikati ya boriti ni mahali pa udhaifu kama fundi si hodari. Kwa kazi hizo gari libadilike, au pikapu ibadilishwe. Fremu ya chuma yenye nguzo mbele ya kabini na nyuma ya mkia, iliyoinuliwa juu ya paa la gari, hushika bomba la mita 6 karibu urefu wake wote na kuacha chini ya mita moja hewani. Fundi anayejua kutengeneza geti hashindwi kutengeneza fremu hiyo, na mabomba machache yanaitosha. Ambaye hana pikapu yenye fremu anaweza kufanya kama wanavyofanya wanawake wa likelemba, vikundi vya kuchangiana kwa zamu, na pesa zao: majirani wanne wanaojenga mtaa mmoja wangoje wiki moja, wanunue pamoja, walipie lori moja refu. Nondo za mita 12 nazo, ambazo hukunjwa kama herufi ya U na kuburutwa mpaka zikatoa cheche juu ya lami, zikatwe kwa vipimo vya nguzo na misingi kabla ya kupakiwa. Zitakatwa hata hivyo. Na chochote kilichobaki nje kwa zaidi ya mita moja kipakiwe asubuhi, kiwekwe alama ngumu inayong'aa, na mtu mmoja atembee au apande pikipiki nyuma yake kuwaonya wengine.

Wenye maduka wana sehemu yao pia. Duka linalouza mabomba kwa mamia linaweza kuweka msumeno mmoja wa kukatia na kijana mmoja wa kuutumia, na kumuuliza kila mnunuzi maswali mawili kabla ya kupokea pesa: unajengea nini, na unabebea nini. Duka litakalofanya hivyo litapata wateja, kwa sababu mnunuzi atarudi nyumbani na vipande vilivyo tayari kuchomelewa. Madereva nao wana neno moja la kusema ambalo hakuna awezaye kulisema kwa niaba yao: hapana. Dereva ndiye mwenye gari na ndiye atakayejibu. Anaposema gari langu halitoshi mzigo huu, anamfundisha mnunuzi zaidi ya makala kumi kama hii.

Ndugu msomaji unayejenga, kabla hujatoa pesa zako dukani, simama nyuma ya pikapu uliyoikodi, mahali atakaposimama mtu usiyemjua jioni hiyo kwenye mzunguko wa Chukudu. Itazame ncha ya bomba ikiwa usawa wa uso wako. Kisha mwite kijana mwenye msumeno, umpe vipimo vya mlango wako: viwili vya mita 2.10, viwili vya sentimita 90.